Kitasa Kilichoganda na Bendera Iliyofungiwa

Ndugu wafanya kazi wenzetu,

Sisi tunaoandika habari hii ni watu wa njia, yaani wale wanaoshinda juu ya mataruma na kokoto wakikaza bolti na kutazama kama reli ni nzima. Leo hatuandiki habari ya mshahara wala ya likizo. Twaandika habari ya kitasa. Pengine ndugu zetu wa karakana na wa ofisini watacheka na kusema, "Hawa watu wa milimani wamekosa neno." Na wacheke, lakini wasome mpaka mwisho. Kitasa chenyewe ni kidogo, hakipiti kidole gumba kwa unene, lakini kilikaribia kutuletea maiti.

Jina la kambi yetu hatuliandiki, wala jina la msimamizi wetu. Hatukusudii kumchongea mtu. Twakusudia kulitoa jambo hadharani, kwa kuwa twajua si sisi peke yetu lililotupata.

MAMBO YALIVYOKUWA

Gengi yetu ina pikapu. Sanduku la nyuma la pikapu hiyo lina kifuniko kigumu, kimeshikwa na bawaba upande wa mbele, na upande wa nyuma kina kitasa. Ukizungusha ufunguo, fimbo mbili za chuma huvuta ndimi mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto, ndipo kifuniko kiinuke. Pembeni pote kimezungukwa na mpira wa kuzuia mvua na vumbi. Ndani mnalala vyombo vyetu vyote: jeki, spana, nyundo, mitaimbo na koleo. Tena mnalala kasha la bendera na fataki.

Kifuniko kile kiliwekwa kwa ajili ya wezi, na hilo hatulilaumu. Kila mtu ajua jinsi vyuma vya reli na vyombo vya kazi vinavyoibiwa na kuuzwa kwa kilo. Amri ya stoo ilikuwa hii: ikifika jioni kila kitu kirudi chini ya kifuniko, kihesabiwe, kifungwe, na ufunguo mmoja ubaki kwa nyapara. Tulitii.

Asubuhi moja ya Januari tuliamka tukakuta majani ni meupe. Sakitu ilikuwa imeanguka usiku. Ndugu yetu ambaye kazi yake ni kutembea njia alikuwa amekwisha kuondoka kabla ya alfajiri, mkononi ana spana na nyundo yake ndogo tu. Bendera hakuwa nayo. Ilikuwa imefungiwa, na nyapara mwenye ufunguo alikuwa hajafika.

Jua lilipoanza kuchomoza alirudi mbio, jasho lamtoka katika baridi ile. Akasema, "Reli imekatika kwenye kona, ufa umepita mpaka chini." Wakati huo nyapara alikuwa amefika. Tulitazama saa. Treni ya mizigo ilikuwa imekwisha kuondoka stesheni ya chini, na mahali petu pale, kati ya kuta mbili za mlima, simu ya mkononi haishiki. Tukakimbilia pikapu kuchukua bendera na fataki.

Ufunguo uliingia nusu, ukakwama. Nyapara akausukuma, ukaingia wote lakini haukuzunguka. Mwingine akavuta kifuniko kwa nguvu, kikatoa mlio tu, hakikuinuka. Wa tatu akachukua jiwe akaanza kugonga kitasa. Wa nne akasema tuwashe gazeti tukipashe moto. Nyapara akazungusha tena kwa mikono miwili, ufunguo ukakatika, nusu mkononi mwake, nusu ndani ya kitasa.

Hapo kijana wetu mmoja hakungoja zaidi. Alivua koti lake la kazi, lile la rangi ya machungwa, akashuka na njia akikimbia kuilekea treni, akilipunga kwa mikono miwili juu ya kichwa. Yeye alikumbuka tuliyofundishwa sote, ya kuwa mikono miwili ikiinuliwa juu ni alama ya hatari, na kitu chochote kikipungwa kwa nguvu mbele ya treni dreva yampasa asimame. Dreva alimwona. Mungu ambariki dreva yule, maana alikuwa macho. Akafunga breki. Treni nzito ya mizigo haisimami kama baiskeli, ilikuja ikilia chuma kwa chuma, na iliposimama tulihesabu hatua kutoka injini mpaka kwenye ufa. Zilikuwa hatua sitini.

Baadaye tulikifungua kifuniko kwa mtaimbo tulioazima kwa gengi ya jirani, tukaharibu kitasa na kupinda upande mmoja. Tukatengeneza reli, treni ikapita polepole, kazi ikaendelea.

Saa nane alasiri alikuja msimamizi. Hakuuliza treni ilisimamaje. Alizunguka pikapu mara mbili akauliza, "Nani amevunja kitasa hiki?" Tulimweleza. Akasema, "Baridi haivunji kitasa. Watu ndio wanaovunja." Mwisho wa mwezi tulikuta mishahara yetu imepungua. Gharama ya kifuniko ilikuwa shilingi 6,000, nasi watu wanne tulikatwa shilingi 1,500 kila mmoja. Katika wale wanne alikuwamo yule kijana aliyekimbia na koti.

BARIDI YA KWENYE IKWETA

Neno la kwanza twataka kulijibu neno la bwana msimamizi, kwamba baridi haivunji kitasa. Watu wa Mombasa na wa Voi wanaweza kulisadiki, kwa kuwa kwao mtu hulala bila blanketi. Lakini njia yetu ya reli yaanzia baharini na kupanda. Penye kilele cha Timboroa, katika njia ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, reli imepita futi 9,000 juu ya bahari. Hapo karibu ndipo njia inapoikata Ikweta. Mgeni akisikia jina la Ikweta hudhani ni mahali pa jua la kuchoma. Sisi tuliolala huko twajua habari nyingine.

Sababu yake si siri. Kila upandapo futi 1,000, joto lapungua kama digrii 2 za sentigredi. Basi mtu aliye Timboroa amepungukiwa digrii kama 18 kuliko aliye pwani. Tena usiku ambao mbingu ni nyeupe bila mawingu, joto la ardhi lapanda juu na kupotea, wala hakuna blanketi la mawingu la kulizuia. Bati na chuma hupoteza joto upesi kuliko hewa yenyewe. Ndiyo sababu waweza kukuta sakitu juu ya kifuniko cha gari, hali maji ya ndoo iliyo mlangoni hayajaganda. Usiku wa namna hiyo ni mwingi zaidi Januari na Februari, wakati wa kiangazi. Mchana jua lachoma, usiku sakitu yaanguka. Wakulima wa chai waijua vizuri, maana sakitu ya Januari 2012 iliunguza majani yao mashambani mpaka yakawa kama yaliyopitiwa na moto.

Mwezi wa Julai ni namna nyingine. Hapo ni ukungu na manyunyu, siku nzima nguo hazikauki. Kitasa hakigandi kwa barafu, bali hushika kutu.

KITASA HUGANDAJE

Hatukusoma sana. Wengi wetu tuliishia shule ya misheni ya msingi. Lakini kitasa kile kilichovunjika tulikichukua, tukakipasua kwa msumeno tukakitazama ndani, na fundi mmoja wa makufuli mjini alitueleza tusilolijua.

Ndani ya kitasa mna vipande vidogo vya shaba au chuma, vimesukumwa na springi nyembamba kama unywele. Ufunguo ukiingia, meno yake huvipanga vipande vile sawasawa, ndipo kitasa kizunguke. Kipande kimoja tu kikikataa kushuka, basi, kitasa hakizunguki hata uwe na nguvu za ng'ombe.

Vitu vinavyovizuia ni vinne. Cha kwanza ni maji. Yakiingia kwa tundu la ufunguo mchana, usiku hugeuka barafu, na maji yakiganda hutanuka, yakashika kila kitu ndani. Cha pili ni grisi. Watu wengi hudhani grisi nyingi ni dawa ya kitasa, kumbe grisi katika baridi huwa nzito kama ugali uliolala, na ikichanganyika na vumbi la kokoto yawa saruji. Cha tatu ni kutu. Cha nne ni ule mpira wa pembeni. Mpira ukiwa na maji, usiku hushikamana na bati, na hapo hata kitasa kikifunguka, kifuniko hakiinuki. Mtu asiyejua hudhani kitasa ndicho kibovu, akaendelea kukitesa bure.

Tulipokipasua kitasa chetu tulikuta vitatu katika hivyo vinne: maji, grisi iliyokauka pamoja na vumbi, na kutu. Mpira nao tulikuwa tumeuona umeshika. Basi msimamizi alisema kweli nusu. Mkono wa mtu ndio uliovunja ufunguo. Lakini mkono ule ulikuta kazi imekwisha kuharibiwa muda mrefu.

NAMNA YA KUKIFUNGUA BILA KUKIVUNJA

Kwa faida ya ndugu walio katika baridi, wa reli na wa malori pia, twaandika tuliyojifunza kwa hasara yetu.

Kwanza, usitumie nguvu. Ufunguo ni chuma laini, nao hukatika upesi. Haraka haraka haina baraka, na ufunguo uliokatika ndani ya kitasa ni kazi ya siku nzima.

Pili, kabla ya kuzungusha ufunguo, mwenzako na akandamize kifuniko chini kwa viganja viwili, hapo juu ya kitasa. Mara nyingi ndimi zimebanwa na mpira unaosukuma kifuniko juu. Ukikikandamiza, ndimi zapata nafasi, ufunguo wazunguka kwa urahisi. Hili peke yake lingetusaidia asubuhi ile, lakini sisi tulifanya kinyume, tukavuta juu.

Tatu, kama mpira umeshika, usivute upande mmoja kwa ghadhabu. Pigapiga kwa kiganja kuzunguka ukingo wote, barafu ile nyembamba hupasuka.

Nne, joto. Usipulize pumzi ndani ya tundu, kwa kuwa pumzi ina maji, nayo huganda juu ya yaliyoganda. Usimwage maji ya moto, maana huyeyusha dakika moja, kisha huingia ndani na kuganda tena, na mafuta yote yamekwisha kuoshwa. Tia maji ya moto katika chupa, uifunge vizuri, uiegemeze juu ya kitasa kwa dakika tano. Joto laingia, maji yabaki chupani. Ufunguo nao utie kwapani upate joto. Kama una spiriti ya dukani, tone moja au mawili ndani ya tundu huyeyusha barafu, na yenyewe haigandi katika baridi yetu.

Tano, na hili twalisema kwa aibu, usiwashe moto wala usigonge kwa jiwe. Chini ya kifuniko kile mlikuwa na fataki, na fataki ya reli yalipuka kwa kugongwa, ndiyo kazi yake. Katika tangi la gari mlikuwa na mafuta. Sisi tulikuwa tukigonga jiwe juu ya fataki, na mwenzetu anatafuta kiberiti. Tukikumbuka leo mwili watusisimka.

Sita, kinga. Kitasa na kisafishwe, grisi ya zamani itolewe, kikaushwe, kisha kitiwe unga wa grafiti. Ukikosa unga huo, sugua ufunguo kwa penseli laini ya mtoto wa shule, uuingize na kuutoa mara kadhaa. Penseli ni grafiti. Au tia tone la mafuta mepesi ya cherehani. Chagua kimoja, usichanganye, kwa kuwa unga na mafuta pamoja hufanya tope. Mpira ufutwe ukauke, upakwe mafuta ya silikoni, usipakwe grisi wala dizeli, maana hizo huula. Tundu la ufunguo lizibwe kwa utepe au kipande cha mpira. Na kama ni kufuli la kuning'inia, tundu lake lielekee chini.

Vitu vyote hivi ukivinunua havifiki gharama ya kifuniko kimoja. Penseli moja ni kitu gani?

KOSA LETU SISI

Ndugu, chama kisichosema makosa yake hakisadikiwi kinaposema ya mwajiri. Basi na tuseme yetu.

Jana yake jioni tuliosha pikapu kwa mpira wa maji, tukaifunga ikiwa bado yatiririka. Hatukuifuta. Tulitaka kwenda kuota moto. Hilo ni kosa letu.

Tena kitasa kile kilikuwa kimeanza kusumbua tangu mwezi wa Novemba. Kila mmoja wetu alijua. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kukibembeleza: huyu apiga ngumi, huyu atikisa ufunguo. Hakuna hata mmoja aliyeandika katika kitabu. Tulisema, "Tukiandika tutaulizwa nani ameharibu." Kwa kuogopa swali dogo tulinyamaza, swali kubwa likatujia likiwa na treni nyuma yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haimtazami mwajiri peke yake. Yamtaka na mfanya kazi amwarifu msimamizi akiona jambo la hatari. Tulipaswa kuandika. Tangu siku ile twaandika, tena kwa nakala mbili, moja ya ofisi na moja tunabaki nayo sisi.

KOSA LISILO LETU

Sasa tuseme yasiyo yetu.

Mafuta ya kitasa hatukupewa. Glavu zilizokuja ni jozi mbili kwa watu tisa, nazo za kitambaa chembamba zilizolowa siku ya kwanza. Mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi hawezi kuusikia ufunguo. Hajui kama wazunguka au wakatika. Sheria ile ile ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape nguo za kujikinga, pamoja na glavu panapohitajiwa, wale ambao kazi yao huwaweka katika maji. Mwenye macho aje aone mikono yetu mwezi wa Julai.

Na ule mshahara uliokatwa je? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika, lakini yasema iwe kiasi cha haki, na uharibifu uwe umetokana na kosa alilolifanya mtu kwa makusudi. Twauliza: ni nani kati yetu aliyekusudia? Mtu avunjaye kitasa apate bendera ya kusimamisha treni, amekusudia kuharibu mali au kuokoa mali? Injini moja ni kitasa ngapi? Na dreva na mwenzake ndani ya injini ile, wao wana bei gani katika kitabu cha stoo?

Lakini kosa kubwa kuliko hayo yote ni ile amri yenyewe. Hapo ndipo tulipokusudia kufika tangu mwanzo.

Spana ni mali. Jeki ni mali. Yafaa zifungiwe. Bendera nyekundu na fataki si mali ya namna hiyo. Kazi yake ni kuokoa roho za watu, nazo zatakiwa wakati usiojulikana, na mtu ambaye hana nafasi ya kutafuta ufunguo. Aliyeandika kwamba bendera ilale pamoja na spana chini ya kitasa kimoja, alifikiri habari ya mwizi tu, hakufikiri habari ya treni. Hata kama kitasa kingekuwa kipya na chenye mafuta, siku moja ufunguo ungepotea, au nyapara angeugua, au gari lingekuwa limekwenda kwingine. Baridi ilituonyesha tu ubovu uliokuwako.

Yuko mzee mmoja aliyestaafu, jirani wa kambi yetu, aliyeanza kazi ya njia kabla ya mwaka 1977, zama reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa shirika moja. Tulipomsimulia alitikisa kichwa akasema, "Wanangu, mimi bendera yangu ilining'inia ukutani juu ya kitanda, na fataki zangu katika mkebe wake. Mke wangu alijua asiiguse. Nikitoka usiku natoka nayo, hata kama ni mvua." Sisi hatusemi kwamba kila jambo la zamani lilikuwa jema. Wazee wale waliona taabu nyingi ambazo sisi hatukuziona. Lakini katika hili mzee alitushinda.

Msimamizi alitujibu kwamba bendera zikikaa kwa watu zitapotea, na kwamba fataki ni kitu cha hatari kisichofaa kuachwa nyumbani kwenye watoto. Neno la fataki lina haki yake, hatulikatai. Dawa yake ni mkebe mgumu wenye kifuniko kisichofunguliwa na mtoto, mfuko wa begani, na daftari la kutia sahihi kwa hesabu kila asubuhi na jioni. Dawa yake si kuzifungia mahali ambapo mwenye kuzihitaji hawezi kuzifikia. Na bendera ikipotea ni kitambaa, hununuliwa.

TWATAKA NINI

Maneno matupu hayafungui kitasa. Haya ndiyo tunayoyaomba, nasi twaomba halmashauri ya chama iyapeleke kwa mwajiri kwa maandishi.

1. Kila atembeaye njia awe na bendera zake na fataki zake mwilini mwake, usiku na mchana, kwa sahihi yake.

2. Vyombo vyote vya hatari vitolewe chini ya kifuniko cha pikapu, viwekwe mahali pa kufikika, na ufunguo wa akiba uwepo kambini.

3. Kambi zote za juu zipewe grafiti au mafuta mepesi, silikoni ya mpira, na glavu zisizopitisha maji, jozi kwa kila mtu, kabla ya Julai na kabla ya Januari.

4. Pesa tulizokatwa zirudishwe. Kwetu shilingi 1,500 ni karo, ni unga, ni sweta ya mtoto. Zaidi ya hapo, zikiachwa hivyo, mara nyingine mtu atakapoona reli imevunjika na kitasa kimeganda, atasimama kwanza ahesabu mshahara wake. Na treni haitamngoja amalize hesabu.

5. Penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, kama sheria isemavyo, na watu wa njia wawe na mjumbe wao ndani yake, asiwe karani wa mjini tu.

Na kwenu, ndugu wa kambi nyingine, twawaomba mfanye jambo moja leo kabla ya kulala. Kila mtu akauingize ufunguo katika kitasa chake na kuuzungusha mara tatu. Ukikwaruza, ukikwama, ukizunguka kwa shida, msiubembeleze kama tulivyofanya sisi. Safisheni, kausheni, tieni penseli, kisha andikeni katika kitabu tarehe na saa. Wenzetu wa malori wanaofunga mizigo kwa turubai na makufuli kule Timboroa, Mau Summit na Limuru, jambo hili ni lenu pia. Baridi haiulizi mtu ana kadi ya chama gani.

Yule kijana aliyekimbia na koti bado yuko nasi. Hapendi tumsifu. Jana tulimwuliza tena alifikiri nini alipokuwa akikimbia. Akasema, "Nilifikiri dreva ataniona au hataniona." Hakuna zaidi. Ndugu, haifai roho ya dreva itegemee koti la kijana. Na itegemee bendera, iwe mkononi mwa mtu, mahali pake.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu,
Watu wa njia, kambi ya juu.